Kipimo Kimoja Hakitoshi

Mazungumzo na wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu jinsi kliniki za kifua kikuu na za virusi vya Ukimwi zinavyopata orodha ya watu wa kufuatiliwa



Huenda yupo kati yenu aliyewahi kupigiwa simu na kliniki akaambiwa, "Njoo utoe makohozi tena," au, "Njoo upimwe damu mara ya pili." Wengi wakipata simu kama hiyo hujiuliza: kwani kile kipimo cha kwanza kilipotea? Na mbona jirani aliyeanza dawa wiki ileile hajaitwa? Wengine hujiuliza kinyume chake: kama ndugu yangu bado anakohoa, mbona hakuna anayemtafuta?

Mazungumzo haya yanajibu maswali hayo. Yanahusu kazi inayofanyika kwenye kompyuta ya kliniki, mgonjwa asipoiona. Ni kazi ya kuchuja rekodi kwa kutazama matokeo ya vipimo yanayofuatana. Ikifanywa vizuri, anayehitaji msaada hupatikana mapema. Ikifanywa vibaya, mtu anaweza kuambiwa amepona kabla hajapona, au kubadilishiwa dawa ambazo bado zinamfaa.

KWA NINI VIPIMO VIWILI

Kwanza ni kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa humeza mchanganyiko wa dawa nne, na miezi minne inayofuata humeza dawa mbili. Dawa hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Mgonjwa ambaye vijidudu vilionekana kwenye makohozi yake mwanzoni hutakiwa kutoa makohozi tena mwishoni mwa mwezi wa pili, wa tano na wa sita, ili mtaalamu wa maabara ayatazame kwa darubini.

Katika ufafanuzi wake wa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema makohozi yamesafika pale vipimo visivyopungua viwili, vinavyofuatana na vilivyochukuliwa siku tofauti zenye nafasi ya angalau siku 7, vinapokosa kuonyesha vijidudu. Maneno matatu hapo yana uzito: viwili, vinavyofuatana, na tofauti.

Sababu yake si ngumu. Mtu anaweza kuleta mate badala ya makohozi ya kutoka kifuani. Anaweza pia kuwa na vijidudu vichache ambavyo darubini havikuvishika siku hiyo. Kipimo kimoja kikitoka safi ni habari njema, lakini ni habari ya siku moja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kliniki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi hutazama upande wa pili. Huko hupimwa kiwango cha virusi katika damu. Mwaka 2013 WHO lilipendekeza kwamba dawa zihesabiwe zimeshindwa iwapo kiwango cha virusi kimepita nakala 1,000 kwa mililita moja ya damu katika vipimo viwili vinavyofuatana, ndani ya miezi mitatu, na kati ya vipimo hivyo mgonjwa awe amesaidiwa kumeza dawa ipasavyo. Miongozo hurekebishwa mara kwa mara, na viwango vya kukata pia hubadilika, lakini wazo la msingi ni lilelile: mtu asihukumiwe kwa kipimo kimoja. Huenda wiki kadhaa alisafiri bila dawa zake. Akishauriwa na kuzimeza vizuri, kipimo cha pili kinaweza kushuka, na hapo hakuna haja ya kubadilisha chochote.

Kwa hiyo katika kliniki moja, vipimo viwili vizuri mfululizo humpa mgonjwa na daktari wake uhakika. Katika nyingine, vipimo viwili vibaya mfululizo humwambia daktari kwamba ni wakati wa kuchukua hatua nyingine.

Hilo halina maana kwamba kipimo kimoja kibaya hupuuzwa. Mgonjwa wa kifua kikuu akionekana na vijidudu mwishoni mwa mwezi wa pili, makohozi yake hupimwa kama yana usugu wa dawa. Akionekana navyo mwezi wa tano au baadaye, hiyo peke yake ni kengele, na haisubiri kipimo cha pili ndipo ashughulikiwe.

HESABU INAYOFANANA NA YA CHAMA

Kwa miaka mingi rekodi hizi zilikuwa kwenye madaftari makubwa. Tangu mwaka 2012 mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu hutumia mfumo wa kompyuta uitwao TIBU, jina ambalo kila anayejua Kiswahili analielewa. Kliniki nyingi za virusi vya Ukimwi nazo hutumia mfumo wa KenyaEMR. Ndani ya mifumo ya aina hii kila kipimo huwa na mstari wake: namba ya mgonjwa, tarehe ambayo sampuli ilichukuliwa, aina ya kipimo na matokeo.

Kumwambia kompyuta, "Nionyeshe wote waliopita 1,000," ni rahisi. Hutazama mstari mmoja mmoja na kuuweka au kuuacha. Swali la mfululizo ni gumu zaidi, kwa sababu mstari mmoja hauwezi kulijibu. Ni lazima kutazama na ule uliotangulia.

Wenye vyama wanalijua jambo hili vizuri. Mweka hazina akiulizwa, "Ni nani amekosa kuchanga mara mbili mwaka huu?" atahesabu tu. Lakini akiulizwa, "Ni nani amekosa kuchanga miezi miwili mfululizo?" itabidi afungue ukurasa wa kila mwanachama, apange miezi kwa utaratibu, na atazame kila mwezi pamoja na ule wa nyuma yake. Aliyekosa Februari na Oktoba alipatwa na shida mara mbili, akainuka mara mbili. Aliyekosa Septemba na Oktoba huenda anazama sasa hivi. Idadi ni ileile, lakini watu hawa wawili hawahitaji kutembelewa kwa haraka ileile.

Kompyuta ya kliniki hufuata njia hiyo ya mweka hazina, kwa hatua nne. Kwanza, hukusanya vipimo vyote vya mtu mmoja pamoja. Pili, huvipanga kwa tarehe ya kuchukuliwa sampuli. Tatu, kando ya kila matokeo huweka yale yaliyotangulia, pamoja na idadi ya siku zilizo katikati. Nne, hubakiza watu ambao matokeo yao mawili ya karibuni yanatimiza sharti, na siku za katikati zinatosha. Mfululizo ukikatwa na matokeo ya aina nyingine, hesabu huanza upya.

MAHALI ORODHA INAPOWEZA KUKOSEA

Hatua hizo zinaonekana nyepesi. Lakini kila moja ina shimo lake, na ni vyema wananchi wayajue mashimo hayo, kwa sababu baadhi yake yanaweza kuzibwa na mgonjwa mwenyewe.

Shimo la kwanza ni kuhesabu jumla badala ya mfululizo. Chukua mfano wa mama aliyekuwa na kiwango cha juu cha virusi mwaka 2019, kikashuka miaka mitatu, kisha kikapanda mara moja mwaka 2023. Ana vipimo viwili vya juu, lakini havifuatani. Orodha inayohesabu tu itamweka kwenye kundi la watu ambao dawa zimewashinda. Anachohitaji ni kuulizwa kwa upole nini kimetokea hivi karibuni, asaidiwe, kisha apimwe tena.

Shimo la pili ni tarehe. Sampuli ya damu inaweza kusafirishwa hadi maabara ya mbali, na majibu yakachelewa. Tuseme mtu alipimwa Januari akawa juu, akapimwa tena Aprili akawa chini, lakini majibu ya Januari yakaingizwa kwenye kompyuta mwezi Mei, baada ya yale ya Aprili. Mfumo ukipanga kwa siku ya kuingizwa, utaona mtu aliyekuwa chini sasa amepanda, ilhali ukweli ni kwamba alikuwa juu na sasa ameshuka. Ndiyo maana tarehe inayotumika ni ile ya siku aliyotoa sampuli.

Shimo la tatu ni sampuli moja kuandikwa mara mbili, mara ya kwanza kutoka kwenye karatasi na mara ya pili kutoka kwa ujumbe wa maabara. Kompyuta ikiona mistari miwili inayofanana itadhani ni vipimo viwili mfululizo. Hapo ndipo zile siku 7 za kifua kikuu zinaposaidia: mistari miwili ya siku moja haitimizi sharti.

Shimo la nne ni kuchanganya aina za vipimo. Mashine ya GeneXpert ni hodari kugundua kifua kikuu mwanzoni, na huonyesha kama vijidudu vina usugu wa dawa ya rifampisini. Lakini hutambua chembe za urithi za vijidudu, hata vile vilivyokwisha kufa. Mgonjwa anayeendelea kupona anaweza bado kuonekana "anavyo" kwenye mashine hiyo. Kwa sababu hiyo maendeleo ya matibabu hayapimwi kwa GeneXpert, na orodha ya mfululizo haipaswi kuweka jibu la mashine hiyo karibu na jibu la darubini kana kwamba ni kitu kimoja.

Shimo la tano ni nafasi tupu. Mgonjwa asipofika kupimwa mwezi wa tano, mstari wake hubaki wazi. Nafasi tupu haina maana kwamba vijidudu havipo. Lakini kompyuta ikiagizwa kuruka nafasi tupu, mwezi wa pili na mwezi wa sita vitaonekana vimekaa bega kwa bega, na hakuna atakayegundua kwamba katikati kulikuwa na ukimya. Njia iliyo salama ni kuwa na orodha mbili: ya wenye matokeo yanayotia wasiwasi, na ya wasio na matokeo. Hii ya pili ni ya kutafuta watu, na haifai kuachwa hadi kesho.

Wapo pia wasioweza kutoa makohozi mwishoni kwa sababu kifua kimekauka. Hao hawaandikwi kwamba wamepona kwa ushahidi wa maabara. Huandikwa kwamba wamemaliza matibabu, iwapo hakuna dalili kwamba dawa zimeshindwa. Ni maneno mawili tofauti kwenye kitabu, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ni lipi limeandikwa kando ya jina lake.

MTU MMOJA, MISTARI MIWILI

Shimo la sita ndilo linalogusa zaidi Thika na Ruiru.

Miji hii imetenganishwa na kilomita zipatazo 20 za barabara kuu ya Thika, na watu huhama kwa urahisi. Kazi ikiisha Makongeni, mtu hupata nyingine Githurai. Kodi ikipanda Ruiru, familia hurudi Thika. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu, na kila anayeishi hapa anajua ni wangapi kati yao wanaitwa Kamau, Njoroge, Wanjiku au Njeri.

Tuseme kijana anayefanya kazi kwenye matatu ameanza dawa za kifua kikuu katika kliniki moja ya Thika. Mwezi wa pili makohozi yake yanaonyesha vijidudu, na anaambiwa arudi kwa kipimo zaidi. Wiki hiyohiyo anahamia Ruiru. Haagi kliniki, habebi barua ya uhamisho wala kadi. Kule Ruiru anaandikishwa upya, jina la baba likiwa mbele na lake likiwa nyuma, na kwa namba ya simu ya rafiki, kwa sababu yake ilizimika. Anapimwa tena, na vijidudu vipo.

Mtu huyu ana vipimo viwili vibaya vinavyofuatana. Lakini hakuna kompyuta inayovijua vyote viwili kuwa vyake. Thika ina mtu mmoja mwenye kipimo kimoja kibaya, kisha nafasi tupu. Ruiru ina mtu mwingine, mgeni, mwenye kipimo kimoja kibaya, ambaye anaonekana ndiyo kwanza anaanza. Kule Thika, baada ya miezi miwili mfululizo bila dawa, ataandikwa kwamba amepotea. Kule Ruiru anaweza kuanzishiwa upya dawa zilezile ambazo huenda vijidudu vyake vimekwisha kuzizoea. Wakati huo wote anapanda matatu kila asubuhi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, na nyumbani kuna mtoto mdogo anayelala chumba kimoja naye.

Hakuna mchujo wa kompyuta, hata uwe mzuri namna gani, unaoweza kuunganisha mistari ambayo haijui kwamba ni ya mtu mmoja. Kiungo cha mnyororo huu ni mgonjwa mwenyewe.

SIRI YA ORODHA

Baadhi ya watu hutoa jina la uongo kwa makusudi, kwa hofu kwamba orodha itafika kwa mwajiri au kwa mwenye nyumba. Hofu hiyo haidharauliwi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri ya hali ya mtu kuhusu virusi hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na inampa mwenye habari hizo haki ya kuomba kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Orodha yenye majina ni ya wahudumu wanaomtibu na kumfuatilia mgonjwa. Ripoti zinazopanda ngazi za juu, na zile zinazotangazwa kwa umma, hubeba idadi tu. Mhudumu anapopiga simu na kupokelewa na mtu mwingine, hapaswi kutaja ugonjwa wala kipimo. Anayeona siri yake imevujwa ana haki ya kulalamika, kwenye kituo chenyewe na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

MAMBO YA KUFANYA

Wakazi wa Thika na Ruiru wanaombwa kushika mambo machache.

Tumia jina lilelile, kwa mpangilio ulio kwenye kitambulisho, katika kila kliniki. Toa namba ya simu inayopatikana, na ikibadilika, sema. Tunza kadi yako ya kliniki na uibebe kila unapokwenda.

Unapohama, hata kama ni kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, pita kliniki kwanza. Omba barua ya uhamisho, na ukifika kule unakokwenda useme wazi: "Nimeanza dawa tayari, na vipimo vyangu ni hivi." Sentensi hiyo moja inaunganisha mistari miwili ambayo kompyuta isingeunganisha.

Usikose siku ya kipimo, hata kama unajisikia mzima. Wengi huacha kurudi pale kikohozi kinapopungua na nguvu zinaporejea. Ni kweli mwili umepata nafuu, lakini kipimo cha pili ndicho kinachothibitisha. Makohozi yatolewe kutoka ndani ya kifua, si mate ya mdomoni.

Uliza majibu yako. Uliza tarehe ya sampuli na jibu lake, kisha uliza na lile lililotangulia. Mgonjwa anayejua majibu yake mawili ya mwisho anaweza kugundua kosa kabla halijamdhuru.

Na ukiitwa tena kupimwa, usidhani umeshukiwa au umedharauliwa. Kuitwa mara ya pili kuna maana kwamba mtu alipanga mistari yako kwa tarehe, akatazama mmoja pamoja na uliotangulia, akaona kwamba bado hapajafika pa kusema "amepona" wala "dawa zimeshindwa." Kuna jambo moja tu linalokosekana hapo, nalo ni wewe ufike.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba nao wana kazi katika hili. Mkipata mtu aliyehamia mtaani kwenu, akiwa na dawa kwenye mfuko lakini hana kliniki, msimwulize maswali mbele ya watu. Mketi naye kando, mwone kadi yake ikiwa anayo, na mmsindikize hadi kituo cha karibu. Pengine hilo ndilo jina linalotafutwa huko alikotoka, na huko wanahesabu nafasi tupu.